Kutoka Msaragambo hadi Sanduku la Kufuli Tatu



Hesabu za hisa na mikopo zimepewa kurasa zake, na picha pia zimepewa zake. Kazi tuliyopewa sisi ni ya historia. Tulipoketi kuiandika, wenzetu wengine walisema tuanzie siku sanduku lilipoletwa. Tukakataa. Kikundi chetu hakikuota kama uyoga baada ya mvua. Upare umefanya kazi kwa pamoja tangu enzi za mababu, na katika kila kazi hiyo mwanamke alikuwapo: na jembe, na ndoo kichwani, au na chungu cha makande jikoni. Kwamba tulikuwapo, hilo halina ubishi. Tunachotaka kukitazama hapa ni lini tuliulizwa, na lini tuliambiwa tu tulete.

Maji ya ndiva

Mtu wa umri wa miaka sitini kwenda juu hahitaji kuelezwa msaragambo. Kwa ajili ya vijana wetu, hasa wale wa Dar es Salaam wanaokuja likizo ya Desemba na kurudi, tuseme kidogo. Msaragambo ni kazi ya wote. Tangazo likitolewa jioni, alfajiri kila nyumba inatoa mtu. Njia ikibomoka inatengenezwa, mfereji ukiziba unazibuliwa, na ambaye hakuonekana anadaiwa faini. Hakuna aliyelipwa. Faida yenyewe kila mtu aliiona shambani kwake.

Kazi kubwa ya msaragambo ilikuwa ndiva. Ndiva ni bwawa dogo linalochimbwa juu ya mteremko. Maji ya kijito huingizwa humo kwa mfereji usiku kucha, na asubuhi tundu la chini hufunguliwa, maji yakateremka mashambani kwa zamu. Kwa nini usiku? Maana kijito chenyewe ni chembamba. Ukiyaacha maji yaende yenyewe mchana, yanakunywewa na udongo njiani na shamba la mwisho halipati kitu. Yakikusanywa usiku yanatoka kwa nguvu na kufika mbali. Huyu mtu anayetuuliza kila mara hela ndogo ndogo za wanawake zinaweza kufanya nini, tunamwomba akaitazame ndiva. Zipo mpaka leo. Bangalala, wilaya ya Same, ndiva ya Manoo inajulikana hata na wataalamu wa vyuo vikuu.

Lakini tusiipambe historia. Ndiva nyingi zilikuwa za koo, na wakubwa wa ukoo ndio waliopanga zamu. Aliyekuwa karibu na mkubwa alikuwa karibu na maji. Hata hivyo mpango ulikuwa wazi: ulijua zamu yako ni siku gani, na ukiibiwa maji ulijua pa kulalamika. Uwazi huo ndio uliokosekana katika mambo mengi yaliyofuata.

Mbiru, na wanawake wa Usangi

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 serikali ya wakoloni, kwa kupitia watawala wa kienyeji, iliwaongezea Wapare kodi mpya. Kabla yake mwanamume alilipa kodi ya kiwango kimoja. Hii mpya ilipanda kwa kadiri ya mali ya mtu, nayo ikabandikwa jina la mbiru, jina la ushuru wa kale waliopelekewa watawala. Katika karatasi ilionekana ya haki: mwenye nacho alipe zaidi. Taabu ilikuwa katika ukadiriaji. Nani aliyehesabu mbuzi wako, kwa kipimo gani, na kwa nini wewe umeandikiwa hiki na jirani yako kile? Hakuna aliyeelezwa.

Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwana wa Upare, aliyaandika mambo haya kwa kirefu. Kinachotugusa ni kwamba wazee wetu hawakukataa kulipa. Walikuwa tayari kulipa kiwango kimoja kinachojulikana, hata kikiwa cha juu zaidi. Walichokataa ni kukadiriwa gizani. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume walishuka milimani mpaka Same, wakapiga kambi kwenye makao makuu ya wilaya, wakakaa. Wiki zikapita, miezi ikapita.

Na nyumbani je? Mashamba hayajui mgomo. Wanawake walilima peke yao, wakalea peke yao. Mwanzoni mwa mwaka 1946 wanawake wa Usangi wakasema basi. Wakamkabili ofisa wa kikoloni kwa makundi, na maneno yao yanasimuliwa mpaka leo, tena kwa kicheko: kama huwezi kumaliza jambo hili waume zetu warudi, basi tupe mimba wewe mwenyewe. Jamani, kwa mama wa Kipare wa miaka ile, mbele ya watu, hayo hayakuwa maneno ya mzaha. Kufikia mwaka 1947 mbiru ilikuwa imekwisha na kiwango kimoja kimerudi.

Tunakikumbuka kisa hiki kwa sababu wako watu, baadhi yao wasomi, wanaodhani kwamba mwanamke wa kijijini alianza kusema kwenye mikutano zilipokuja semina za jinsia. La hasha. Bibi zetu walisema bila posho ya semina.

Miaka ya kujitegemea

Uhuru ulikuja 1961, UWT ikaundwa 1962, na tarehe 5 Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha. Neno la siku zile lilikuwa kujitegemea, na tuseme ukweli, kwetu halikuwa neno geni. Kodi ya kichwa ilifutwa mwaka 1969. Mwaka 1971 serikali iliahidi kwamba katika miaka ishirini kila mwanakijiji atapata maji safi bila kutembea zaidi ya mita 400. Mwaka 1974, Musoma, iliamuliwa kila mtoto asome shule ya msingi. Vijiji vikaamka. Mama zetu walisomba mchanga kutoka mtoni, wakakanyaga udongo wa matofali, wakabeba mawe. Madarasa mengi tuliyosomea sisi tunaoandika hapa yalijengwa hivyo. Tukisema tumesomeshwa na mama zetu hatumaanishi ada peke yake.

Miaka ileile mambo mengine yakaenda kinyume. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa, na mwaka 1976 vyama vya ushirika navyo vikafutwa kwa amri ya kutoka juu. Mkulima wa kahawa ambaye chama kilikuwa chake akaamka asubuhi hana chama. Vyote viwili vilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na halmashauri zikaanza upya 1984, ila imani ni kama mtungi: ukiupasua huwezi kuuunga ukashika maji kama mwanzo. Watu waliendelea kuitwa kwenye kazi za maendeleo, lakini mipango ilikuwa imekwisha pangwa. Kijiji kilipewa kazi ya kubeba tu.

Na tuongeze hili ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Hata chama cha ushirika kilipokuwa hai, kahawa ilikuwa ya baba. Jina kwenye daftari la chama lilikuwa lake, na malipo alipokea yeye. Mama aliyepalilia, aliyechuma na aliyeanika hakuwa mwanachama, na asiye mwanachama hakopeshwi. Cha mama kilikuwa maharage, ndizi na kuku. Ndiyo maana vikundi vya wanawake huku kwetu vilianzia kwenye fedha za maharage. Hakuna aliyetufundisha, hatukuwa na nyingine.

Ahadi ya maji ya mita 400 haikutimia. Pampu zilikosa vipuri na dizeli, na mwaka 1991, uleule tulioahidiwa, ikaja sera ya maji, kisha nyingine mwaka 2002 iliyosema wazi kwamba wanaotumia maji watachangia ujenzi na watalipia uendeshaji wote wenyewe. Tangu Sheria ya maji ya mwaka 2019 ipo RUWASA kwa ajili ya vijijini, na miradi huendeshwa na vyombo vya watumia maji vya jamii. Tunauunga mkono utaratibu huu kuliko ule wa zamani, pamoja na kwamba ndoo sasa ina bei. Bomba lenye mwenyewe hutengenezwa. Ila kamati ya maji isiyo na mama hata mmoja, wakati ndoo ziko vichwani mwa mama, hiyo hatuiungi mkono na tumesema hivyo mbele za watu.

Enzi za michango

Upande wa shule, Upare tulijijengea jina. Katika miaka ya 1980 shule za sekondari zilizojengwa na wananchi zilizuka kwa wingi mkoani Kilimanjaro, na wilaya zetu za Mwanga na Same hazikubaki nyuma. Wazazi walitoa, waliohamia mijini walitoa, makanisa na misikiti ikatoa. Marehemu Mzee Cleopa Msuya, mzaliwa wa Usangi aliyekuwa Waziri Mkuu mara mbili, anakumbukwa kwa kuhimiza mambo haya kwao Mwanga. Mtoto wa mkulima akapata sekondari karibu na kwao.

Kisha michango ikawa mingi. Ukaja MMEM mwaka 2002, baada ya ada ya shule za msingi kufutwa 2001, na miaka miwili baadaye ukaja wa sekondari na shule za kata. Utaratibu wake mnaujua: wananchi wanajenga msingi na kuta mpaka usawa wa lenta, serikali inaleta bati na kumalizia. Pale ambapo serikali ilileta bati, watoto walisoma. Pale ambapo bati lilichelewa, tulibaki na maboma, mvua ikanyesha humo, mbuzi wakalala humo. Kodi ya maendeleo iliondolewa mwaka 2003 na watu wakashangilia. Mwenye kuhesabu vizuri aligundua kwamba michango ilikuwa imeshika nafasi yake.

Kilele chake kwetu kilikuwa kampeni ya maabara ya mwaka 2014 na 2015. Kila sekondari ya kata ilitakiwa iwe na maabara tatu: ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Nia ilikuwa njema, nani asiyetaka mtoto wake awe daktari? Lakini muda ulikuwa mfupi na agizo lilikuwa kali. Mahali tulipokuwa sisi mgambo walipita nyumba kwa nyumba. Mjane asiyekuwa na hela alichukuliwa kuku. Wapo waliolipa wakapewa risiti, wapo waliolipa wakaambiwa risiti itakuja. Mapato na matumizi yalisomwa mara moja, kwa haraka, jioni watu wakiwa wanawahi ng'ombe.

Hatuandiki haya kumshitaki mtu. Tunayaandika kwa sababu kikundi chetu kilizaliwa muda mfupi baada yake, na wengi wetu tulianza kukutana kwa sababu hiyo hasa: kutafuta namna ya kuwa na hela ya kutoa bila kuuza maharage yakiwa bado shambani. Kwa hiyo chanzo chetu kilikuwa kero. Baadaye tuligundua kwamba wanawake wanaokutana kila wiki kuhesabu hela zao hawachelewi kuuliza habari za hela nyingine zilizotoka mifukoni mwao.

Tangu Januari 2016 elimu ni bila ada, na waraka ulikataza michango ya lazima kwa wazazi. Kuna waliosema basi ushiriki umekufa. Sisi tumeona vinginevyo. Waliokuwa wakilazimishwa walipumzika, ni kweli. Lakini chakula cha watoto shuleni bado kinatolewa na wazazi pale walipokaa wakakubaliana wenyewe, debe la mahindi na la maharage kwa mwaka, na hakuna mgambo anayepita.

Upatu, kisha sanduku

Wanawake wamecheza upatu siku nyingi. Wengine wanauita mchezo, wengine kibati. Watu kumi wanatoa sawa, mmoja anachukua zote, wiki inayofuata mwingine. Ni mzuri kwa kununua sufuria, kitanda au bati. Udhaifu wake ni kwamba ugonjwa haungojei zamu yako. Tena anayechukua wa kwanza anaweza kuhama! Kulikuwa pia na vikundi vya kufa na kuzikana, ambavyo mpaka leo ndivyo vyenye nidhamu kuliko vyote. Hakuna anayependa kuonekana mdaiwa mbele ya jeneza.

Mfumo wa VICOBA uliingia nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000. Asili yake ni Niger, nchi ya jangwa kule Afrika Magharibi, ambako shirika la CARE lilianza na wanawake mwaka 1991. Tumependa kulitaja hilo ili tujue kwamba walimu wetu hawakuwa matajiri. Kwa kila mkutano unanunua hisa, unakopa mpaka mara tatu ya hisa zako, riba inabaki kundini, na mwisho wa mzunguko mnagawana. Mfuko wa jamii unakaa kando kwa msiba na ugonjwa. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na anayelala na sanduku hana ufunguo hata mmoja. Hela zinahesabiwa kwa sauti, kila mtu anasikia. Wageni wakija hutucheka kwa kurudia rudia jumla ya wiki iliyopita. Waacheni wacheke. Kurudia huko ndiko kulikokosekana kwenye mbiru na kwenye maabara.

Faida zake zimeelezwa na wenye kurasa zao: bati, mbuzi, mashine ya kushona, ada za vyuo. Sisi tunataka kutaja ile isiyoandikwa kwenye daftari. Mwenzetu mmoja alikuwa hajawahi kunyanyua mkono kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria ni wa kila mkazi wa miaka kumi na minane na zaidi. Alijifunza kusoma hesabu kundini, akiwa mtunza daftari. Siku moja taarifa ya ukarabati wa zahanati iliposomwa, aliomba jumla irudiwe, maana mifuko ya saruji na bei ya mfuko havikuzaa ile jumla. Ilirudiwa, ikarekebishwa. Tangu siku hiyo taarifa zetu zinabandikwa ubaoni. Baraza la ardhi la kijiji, ambalo kwa Sheria ya mwaka 1999 lina watu saba na wasiopungua watatu wawe wanawake, nalo lilipokuwa likitafuta wanawake zamani lilikuwa linaokoteza majina. Sasa majina yanazidi nafasi.

Sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018, na kanuni zake za 2019, zilitutaka tujiandikishe halmashauri kwa usimamizi wa Benki Kuu. Wengine waliogopa, eti serikali inataka kuhesabu hela zetu. Tulijiandikisha. Kikundi chenye cheti kinaweza kusimama wazi kudai haki yake sanduku likiibwa.

Ikaja pia mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Iliwekwa kwenye sheria mwaka 2018, ikasimamishwa Aprili 2023 baada ya kuonekana kwamba kuna vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, ikarudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Msimamo wetu mnaujua, na si kila mtu anaupenda. Mkopo wa halmashauri tunauomba kwa kazi iliyokwisha anza kwa hisa zetu, si kwa kazi ya kuanzishia mkopo. Vikundi vilivyoundwa siku moja kabla ya fomu vilivunjika siku moja baada ya hundi.

Walio nje

Liko jambo moja ambalo furaha ya sherehe isilifunike. Maskini kuliko wote hawamo kundini. Mama asiyekuwa na uhakika wa hisa moja kwa wiki anaogopa aibu, hajiungi. Mwenye kulea wajukuu peke yake anakosa mikutano, anatozwa faini, anatoka. Serikali kwa kupitia TASAF, iliyoanza mwaka 2000, inawafikia baadhi yao kwa ruzuku, na wengine wameunda vikundi vyao vya akiba humo humo. Wengine hawamo huku wala kule. Tunaposema jamii imeshiriki kwenye mradi, tuulize ni jamii ipi. Mradi wa maji wa kitongoji cha juu ulipoanza, waliochimba mtaro walihesabiwa kwa siku za kazi. Vikongwe na wagonjwa hawakuchimba. Palikuwa na hoja kwamba wasiochimba walipe zaidi kwenye ndoo. Kikundi kiliikataa hoja hiyo mkutanoni, kikachimba sehemu yao kwa msaragambo wa Jumamosi mbili, na jambo likaisha.

Kwa mzunguko wa kumi na moja wanachama wameshapitisha hisa ndogo, nusu ya ile ya kawaida, yenye haki zilezile za kupiga kura. Fomu ziko kwa katibu. Asiyejua kuandika atasaidiwa, na asiye na hela ya fomu aje hivyo hivyo. Mkutano mkuu wa kijiji wa robo hii utasomewa mapato na matumizi ya mradi wa maji. Nakala ya daftari letu la siku za kazi ipo wazi kwa yeyote anayetaka kulilinganisha na taarifa hiyo kabla ya siku yenyewe.